Karatasi za Chumvi

Barua ilifika mjini kwetu Baraka, kando ya ziwa, imekunjwa mara nne ndani ya soksi ya mtu aliyeshuka nayo kutoka Uvira kwa mtumbwi wa injini. Naiita barua, lakini ilikuwa amri. Miaka ile ya vita kila aliyeshika bunduki alijitafutia na muhuri, na sisi walimu tulizoea kupokea maagizo ya elimu kutoka kwa watu ambao hatukujua kama wiki ijayo wangekuwa bado wakubwa. Hii ilisema kwamba kuanzia mwaka huohuo mwanafunzi wa darasa la sita la sekondari, hata akiwa wa upande wa lugha, hataandikishwa kwa mtihani wa Serikali kama hana alama za hesabu zilizotiwa sahihi na mwalimu aliyesomea hesabu. Na ili masaa ya hesabu yapatikane, Kilatini kiondolewe.

Mimi nilikuwa mwalimu wa Kilatini.

Mkuu wa shule, ambaye kwetu tunamwita prefe, aliniita ofisini kwake. Ofisi yenyewe ilikuwa nusu ya stoo ya parokia, kwa sababu ile ya zamani paa lake lilikwisha chukuliwa. Alikuwa mtu wa kuzunguka maneno, lakini siku hiyo hakuzunguka sana.

"Madame, kaa kwanza."

"Nimekaa, Prefe."

"Masaa yako sita ya Kilatini bameiondoa. Unabakia na ine tu ya Kifaransa, kwa batoto ba chini."

"Na hesabu atafundisha nani?"

"Hiyo ndiyo swali nilitaka kukuuliza weye."

Nilitoka pale nimekasirika hata nikasahau kuaga. Nilipita sokoni, nikapita tena, nikarudi shuleni, sikuwa na kazi ya kufanya huko wala kule. Hasira yangu ya kwanza, nitasema ukweli, haikuwa juu ya wanafunzi. Ilikuwa juu ya masaa yangu. Nilikuwa nimesoma miaka mitano kwa ajili ya kile Kilatini, na mtu ambaye sijawahi kumwona amekifuta kwa mstari mmoja.

Wanafunzi nikawakumbuka jioni, na hapo usingizi ukaniruka. Walikuwa saba. Mmoja alikuwa amepoteza mwaka mzima akiwa amejificha rasi ya Ubwari na wazazi wake. Msichana mmoja alikuwa amevuka ziwa mpaka kambini Tanzania, kisha akarudi peke yake, kwa sababu moja tu, apate diploma. Walikuwa wakija shuleni na vigoda vyao kichwani, maana madawati yalikwisha kuwa kuni za kupikia chakula cha wanajeshi. Hakuna aliyewaambia "mtafanya mwaka kesho". Mwaka kesho, kwa wakati ule, lilikuwa neno la watu wa redio. Kama wasingeandikishwa safari hii, wangebaki walivyo.

Na mwalimu wa hesabu tulikuwa naye zamani. Shida ni kwamba alikuwa mtu wa juu, yaani wa mlimani Minembwe, Munyamulenge, wa kabila la wafugaji wa huko. Kabla ya vita alifundisha nasi miaka minne. Tulikuwa hatupatani hata kidogo, lakini si kwa mambo ya ukoo. Tulikuwa hatupatani kwa ajili ya ubao. Darasa la sita lilikuwa na ubao mmoja mzuri, na kila Alhamisi mimi nilikuwa na saa ya kwanza, yeye ya pili. Mimi niliandika kwa mwandiko mzuri, nikaacha pembeni neno MSIFUTE. Yeye alikuwa anafuta. Alifuta taratibu, toka juu mpaka chini, kisha anaandika hesabu zake kwa mwandiko wa kuku, anakosea makusudi, anawauliza watoto kosa liko wapi. Prefe alipochoka na malalamiko yetu alisema fahali wawili hawakai zizi moja. Yule bwana akajibu kwamba kwao wanakaa, ikiwa zizi lina mlango mpana.

Vita ilipoanza, watu wa Baraka wakaanza kuwaangalia watu wa juu kwa jicho lingine, na huko juu nako watu wetu wakaangaliwa vilevile. Asubuhi moja alikuja shuleni na mfuko mmoja. Alinikuta darasani peke yangu, akaweka ufunguo wa kabati mezani. "Madame, ubao ni yako yote sasa," akasema. Watu walikuwa wamesimama barabarani wakitazama nani anaongea na nani. Sikumsindikiza. Hata mlangoni sikufika. Tena kuna kitu kibaya zaidi ambacho sijawahi kukisema: siku ile, kabla ya kuona haya, nilifurahi kwanza, kwa kuwa masaa yake mawili prefe alinipa mimi.

Sasa masaa yale yalikuwa yananidai mwenyewe wa zamani.

Aliyefungua njia ni mama mdogo, yaani mdogo wa marehemu mama yangu, niliyekuwa nakaa kwake. Biashara yake ilikuwa ndagala, wale dagaa wa ziwani, na chumvi. Nusu ya njia ya kupanda uwanda wa juu palikuwa na soko lililokaa kila baada ya wiki mbili, na lilikuwa na sheria yake: wanawake tu. Mwanamume wa ziwa au wa mlima akikanyaga pale, soko linavunjika. Wamama wa kwetu walipanda na chumvi, sabuni na ndagala, wale wa juu walishuka na maharagwe, siagi na maziwa ya mgando. Waume na ndugu zao walikuwa wakiwindana huko porini, na wao wakipimiana chumvi kwa kikombe. Mama mdogo alikuwa na rafiki yake wa biashara kule tangu ujana, na vita haikuwatenga.

"Yule mwalimu wenu murefu iko muzima," aliniambia huku akichambua ndagala. "Rafiki yangu ni jirani yake. Anafundisha batoto chini ya hema."

Nikachota ndagala, nikaanza kuchambua nami.

"Mi siulize kama munapendana," akasema. "Mi nauliza kama unataka nimupelekee kitu."

Ndivyo ilivyoanza. Nilimwandikia ombi fupi, kavu, bila salamu nyingi: awafundishe kwa maandishi, kisha atie sahihi alama zao. Kwenye vizuizi vya barabara, karatasi yenye jina la mtu wa juu ingeweza kumfanya mama mdogo aitwe mpelelezi, kwa hiyo hatukuandika jina la mtu yeyote. Wanafunzi tuliwapa namba, moja mpaka saba. Daftari zao zilipanda chini ya ndagala, katikati ya majani ya ndizi. Wanaume wa kizuizini walichoma kikapu kwa fimbo, wakajichukulia ndagala zao kama kawaida, wakamwachia apite.

Soko lililofuata, chini ya maharagwe, masomo yalishuka. Aliyaandika kwa Kiswahili chake cha shule, mwandiko uleule wa kuku, hatua kwa hatua. Mimi nilikuwa wa kuyasoma mbele ya darasa. Basi ndiyo nikawa mwalimu wa hesabu bila hesabu. Usiku nilijifunza nilichopaswa kufundisha kesho, na kesho msichana yule wa kambini aliniuliza swali ambalo sikulijua, nikamwambia tutaliona kesho kutwa. Maji nimeyavulia nguo, sharti niyaoge. Lakini nilikuwa nayaoga kwa hofu. Sikukaa kitini wiki nzima. Prefe aliniambia ninamaliza sakafu.

Baada ya masoko matatu ya masomo, yaliteremka maswali kumi ya jaribio. Alama zake ndizo zingeandikwa kwenye fomu. Fomu yenyewe niliikunja niipeleke pamoja na majibu: yeye aweke alama na sahihi mbele ya namba, prefe ataandika majina ikisharudi.

Hapa ndipo nilipokosea, na nilikosea jinsi mwalimu wa lugha wa kwetu anavyokosea. Sisi tulilelewa kwa daftari mbili. Ya kwanza ni brouillon, ya uchafu, humo unakwaruza unavyotaka. Ya pili ni ya usafi, ndiyo inayokwenda kwa mwalimu, na doa moja la wino linakupunguzia alama. Nilipewa malezi hayo na masista, nikawapa wanafunzi wangu. Walifanya jaribio kwenye brouillon, nikapita nyuma yao nikaona makosa tele, nikaona haya. Niliwaza yule bwana akiyasoma huko juu, akitabasamu. Nikawaambia wakae pamoja, walinganishe, kisha waandike kwa usafi. Nilijua maana yake. Mmoja aliyekuwa mwepesi alitoa majibu, sita wakayanakili kwa mwandiko mzuri, na mimi nikatazama dirishani.

Mama mdogo alikuta yale makaratasi ya brouillon yamerundikana kwenye kona.

"Hii yote ni ya kazi gani?"

"Hayana kazi. Chukua."

Akayachukua. Karatasi ilikuwa adimu, na kule sokoni chumvi haiuzwi bila karatasi ya kufungia. Kwa hiyo majibu yetu yalipanda mlima mara mbili katika safari moja: ya usafi chini ya ndagala, ya uchafu yamezunguka chumvi.

Wiki mbili sikutulia. Niliamka kabla ya jogoo, nikatembea mpaka ukingoni mwa ziwa na kurudi. Wavuvi walinizoea, wakanipa na salamu za utani, wakiniuliza kama nimepoteza mume majini. Siku ya mama mdogo kurudi nilimngoja nje ya mji tangu asubuhi. Alinipa bahasha iliyopakwa siagi. Ndani hamkuwa na fomu. Mlikuwa na daftari saba, hazina hata alama moja nyekundu, na kijikaratasi chake:

"Madame, hapa hakuna kosa hata moja. Siwezi kutia sahihi kwa watu wasiokosea. Wewe na mimi tunawajua hawa watoto. Fomu ninaishika kwanza."

Chini yake ameongeza: "Mke wangu juzi alifungua chumvi. Tazama alichokikuta."

Kilikuwa kipande cha brouillon ya namba tatu. Kimekunjuliwa, kimenyooshwa kwa kiganja, wino umechuruzika kwa chumvi. Kila kosa lilikuwa pale pale mtoto alipolifanya, na kila kosa lilikuwa limezungushiwa duara nyekundu, na pembeni ya hatua tatu zilizo sawa ameandika "vizuri". Mstari wa mwisho ulisema nyingine anazitafuta.

Nilikaa chini palepale njiani. Sijui kama nililia kwa aibu au kwa hasira, pengine vyote. Mama mdogo, ambaye hajui kusoma, alisimama na kikapu chake kichwani akingoja nimalize.

"Amekataa?"

"Anataka makaratasi ya chumvi."

Alikiweka sawa kikapu. "Basi si ningeyauza mara mbili," akasema. Halafu akaniuliza kwa nini nilimpa vitu vya watoto bila kumwambia. Mficha uchi hazai. Nilikuwa nimeficha uchi wa watoto wa watu, wala haukuwa wangu wa kuficha.

Muda ulibaki wa soko moja tu kabla ya orodha kuondoka na boti. Jaribio jipya lingepanda soko hilo na kurudi soko la baadaye, na hilo lilikuwa nyuma ya tarehe. Hatukuwa na la kufanya ila kungoja mtu mmoja apite nyumba kwa nyumba kule juu akiomba karatasi. Niliwaita wanafunzi, nikawaeleza yote, pamoja na kwamba kosa ni langu. Nilidhani wazazi watakuja kunitukana. Walikuja, wakakaa, wakaniuliza kule juu watu hutumia karatasi ya chumvi kwa nini. Baba mmoja akasema kwake huwashia moto. Kisha wakaondoka.

Sitaki kuzielezea zile wiki mbili. Nilifundisha Kifaransa kwa watoto wa chini huku akili iko mlimani. Milio ya bunduki ilisikika upande wa Fizi, kila mtu akauliza kama itafika kwetu, mimi nikauliza kama soko litakaa.

Lilikaa. Mama mdogo alirudi siku ya tatu, mguu umevimba, akaenda moja kwa moja ofisini kwa prefe, nikamkuta huko. Alikuwa ameshamwaga maharagwe mezani. Chini yake palikuwa na tita lililofungwa kwa kamba ya mgomba.

Alikuwa amezipata. Si zote, lakini za kila namba zilikuwemo. Nyingine zilikuwa zimeungua pembe, nyingine zina mafuta, moja ilikuwa na mchoro wa ng'ombe uliochorwa na mtoto wa mtu. Zilinuka moshi na siagi. Rafiki wa mama mdogo alimweleza kwamba yule mwalimu alipita kwenye kila nyumba iliyonunua chumvi siku ile, hata zile za siku nzima ya mwendo, na kwamba watu walimcheka, wakasema vita imemharibu kichwa, anaokota takataka za watu wa ziwani. Aliwajua watoto kwa mwandiko. Hakuhitaji namba.

Fomu ilikuwa juu. Moja mpaka saba, kila mmoja na alama yake, wa chini kabisa amepata kumi juu ya ishirini, wa juu kumi na tano, na sahihi yake pembeni, ndefu, iliyonyooka. Prefe aliisoma mara mbili kwa kidole. Kisha kidole kikasimama.

"Na huyu ni nani?"

Chini ya mstari wa saba, kwa rula, alikuwa amechora mstari wa nane. Namba 8: tisa juu ya ishirini. Arudie. Ana wakati.

Nilijua kabla sijaona. Nilipowasimamia jaribio, nami nililifanya, kwa siri, nione kama ninaweza, na karatasi zilivyokuwa adimu nililifanya nyuma ya zoezi la zamani la Kilatini. Likaingia katika lundo la kona. Yeye akaligeuza, akakuta rosa, rosae kwa mwandiko wangu wa MSIFUTE, akanisahihisha kama wengine. Kazi yangu ilikuwa ndani ya tita, ya mwisho. Miduara ilikuwa mingi. Penye kosa kubwa kuliko yote, pale nilipokata hesabu nzima na kuandika jibu kwa kubahatisha, ameandika: "Hapa usifute."

Prefe alichukua wembe, akaukata ule mstari wa nane kwa uangalifu, maana fomu ya Serikali haina nafasi ya mtu wa nane. Akanipa kile kipande. Saba wakaandikwa majina, orodha ikaondoka na boti, na watoto wakafanya mtihani. Wanne walifaulu, msichana wa kambini akiwemo. Watatu hawakufaulu, nao ninakutana nao mpaka leo, na hakuna hata mmoja aliyenilaumu zaidi ya ninavyojilaumu.

Kabla ya likizo prefe aliniita tena. Alikuwa anapanga masaa ya mwaka unaofuata, kalamu nyuma ya sikio.

"Madame, hesabu nimupe nani?"

"Mi sijue, Prefe. Mi niko na tisa."

"Nani mwingine hapa Baraka iko na tisa?" akasema, akaandika jina langu.

Nilinunua daftari mpya. Sikununua mbili. Nilijaza ile moja makosa yangu yote bila kufuta, ukurasa baada ya ukurasa, na kwenye ukurasa wa mbele, kwa mara ya kwanza, nilimwandikia yule bwana salamu za kweli. Nilimuuliza mke wake na watoto hawajambo. Nikamwambia kwamba ile asubuhi ya ufunguo nilipaswa kumsindikiza. Mama mdogo akaiweka chini ya ndagala, akapanda.

Soko hilo ndilo lililoshambuliwa. Mama mdogo alirudi bila kikapu, amevaa kitenge cha mtu mwingine, na hakutaka kusimulia. Rafiki yake alikuwa amekwisha pokea mzigo na kuanza kupanda, hilo tu ndilo alilojua. Soko halikukaa tena. Vita ilipopungua niliulizia kwa kila aliyeshuka kutoka Minembwe. Mmoja alisema yule mwalimu alihamia mbali, mwingine alisema hapana, wa tatu hakumjua.

Kile kipande kilichokatwa kwa wembe ninacho, kwenye kifuniko cha daftari ya maandalizi. Miaka yote hii nimefundisha hesabu, wanafunzi wangu wananiletea brouillon tu, na wengine wamekuwa walimu wa hesabu wenye diploma zao. Mimi bado nina tisa.